Mwalimu Nakhumicha na Sinia za Udongo Mweupe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mlio jikoni, punguzeni kishindo cha sufuria kwa muda. Mlio barabarani, sikilizeni huku macho yakitazama mbele. Leo tunamkumbuka mwalimu.

Hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Hakufundisha katika shule ambayo jina lake huandikwa magazetini matokeo yanapotoka. Alikuwa mwalimu wa watoto wa miaka minne na mitano, pale Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita. Jina lake ni Eucabeth Nakhumicha. Narudia kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio: Eucabeth Nakhumicha, mwalimu wa chekechea, Kariandusi. Ametutoka akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia darasani, akiwa ameinama, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wafupi.

Alizaliwa Nakuru, katika landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Baba yake alitoka Bungoma akiwa kijana, akawa fundi wa breki za mabehewa. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Sakafu hiyo ndiyo iliyokuwa ubao wake wa kwanza. Nakhumicha, akiwa na miaka tisa, aliwakusanya watoto wadogo wa majirani, akawaketisha kando ya ukuta, akaandika kwa makaa. Mama yake aliporudi kutoka sokoni alikuta sakafu nyeusi na watoto saba wakihesabu kwa sauti moja. Alimpa kitambaa na ndoo ya maji. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu, "Ukimaliza kufundisha, fagia shule yako."

Alisoma hadi kidato cha nne. Alama zake hazikutosha kumwingiza chuo cha ualimu. Jambo hilo lilimuuma, akaliweka moyoni. Mwaka wa 1990 aliolewa na Bwana Sitati, aliyekuwa akifanya kazi katika machimbo ya udongo mweupe, Kariandusi. Wasiojua mahali hapo wafahamu kwamba udongo wake ni mweupe kama unga wa ngano, na ni mwepesi sana mkononi. Wanawake wa huko huukoroga kwa maji na kupaka kuta za nyumba. Watoto huuchezea njiani. Hakuna aliyeuogopa. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Mwaka wa 1994, Nakhumicha alifungua darasa katika kanisa la mabati lililokuwa wazi siku za kazi. Watoto kumi na mmoja. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na benchi mbili na kengele iliyotengenezwa kwa ringi ya gurudumu. Watu walimwita yaya. Walisema hivyo mbele yake, bila ubaya, kama mtu anayesema kweli iliyo wazi.

"Yaya," mzazi mmoja alimwita mlangoni, "mtoto amekula?"

"Mimi ni mwalimu," alimjibu. "Mtoto amekula. Na leo amehesabu hadi sita bila kuruka nne. Jana aliiruka."

Yule mzazi alicheka, akamchukua mtoto wake. Kesho yake alimwita yaya tena. Akajibiwa vilevile. Ilichukua muhula mzima, lakini mzazi huyo alizoea.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuingie katika lile lililomletea sifa, na baadaye likamletea mtihani.

Watoto wa darasa lake hawakuwa na madaftari. Wachache walikuwa na vipande vya penseli. Nakhumicha alifikiri wiki nzima. Kisha aliomba sinia sita za bati kutoka kwa akina mama wa kanisa. Akachukua udongo mweupe, akautwanga, akauchekecha kwa kichujio cha chai. Hakutosheka. Akauchekecha mara ya pili, na mara ya tatu, hadi ukawa laini kuliko unga. Akaumimina ndani ya sinia. Mtoto akaandika herufi kwa kidole. Herufi ikaonekana vizuri, nyeusi juu ya nyeupe, kwa sababu bati lilikuwa na masizi. Mtoto akikosea, anatikisa sinia, kosa limeondoka. Anaandika upya.

Watoto walizipenda. Mtoto aliyeogopa penseli hakuogopa sinia. Habari ilienea. Walimu walikuja kutazama, kutoka Gilgil, kutoka Kikopey, na hata kutoka Kamere, kule ufuoni mwa Ziwa Naivasha, ambako watoto wa wavuvi na wa wafanyakazi wa mashamba ya maua walijaa darasa moja hadi mlangoni. Shule tano ziliiga sinia za Nakhumicha. Yeye mwenyewe aliwapelekea udongo kwa magunia, ukiwa umechekechwa mara tatu. Kwa mara ya kwanza, watu wazima walimwita mwalimu bila kukumbushwa.

Mwaka wa 2007 darasa lake liliunganishwa na shule ya msingi. Kamati ya shule ilikaa na kutoa uamuzi. Ifikapo Januari ya mwaka wa 2009, mwalimu wa chekechea awe na cheti. Asiye na cheti hatashika darasa. Naeleza vizuri ili asiwepo wa kupotea: Nakhumicha alikuwa amefundisha kwa miaka kumi na mitatu, na alipewa muda usiotimia miaka miwili ili apate cheti, la sivyo darasa alilolianzisha lingepewa mtu mwingine.

Hakulalamika. Alijiandikisha katika mafunzo ya walimu walio kazini, mjini Nakuru. Mafunzo hayo hufanyika wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, watoto wanapokuwa nyumbani. Muhula ukianza, mwanafunzi hurudi darasani kwake, na mkaguzi humfuata huko kumtazama akifundisha. Kila mwanafunzi hutayarisha faili. Katika faili hiyo huelezwa kifaa cha kufundishia alichokibuni mwenyewe kwa vitu vya mahali pake. Na kifaa hicho lazima kionekane kikitumika kwa majuma mawili kabla ya mkaguzi kufika. Nakhumicha hakuhitaji kufikiri. Aliandika: sinia za udongo mweupe. Kurasa kumi na nne, kwa mkono, na michoro.

Ikafika Agosti ya mwaka wa 2008. Somo lilikuwa la afya ya mtoto. Mkufunzi aliwaambia wafunge macho na kuyafikiria madarasa yao. Akauliza, "Nini huruka hewani humo mnamofundishia?" Mmoja akasema moshi. Mwingine akasema vumbi la chaki. Mkufunzi akaeleza kwamba vumbi laini ndilo baya zaidi, kwa sababu lile la chembe kubwa huishia puani, bali lile laini hushuka hadi mapafuni. Na mapafu ya mtoto ni madogo.

Nakhumicha alifumbua macho. Katika darasa lake alikuwapo msichana wa miaka mitano aitwaye Chesang. Chesang alikuwa akikohoa tangu muhula wa kwanza. Naye ndiye aliyependa sinia kuliko wote. Aliandika akiwa ameinamisha uso karibu kabisa na udongo, na kila alipokosea, aliutikisa kwa nguvu.

Alirudi Kariandusi Jumamosi hiyo. Mume wake alikuwa ametoka kazini. Tulimtembelea Mzee Sitati wiki iliyopita, akatusimulia mwenyewe, na haya ni maneno yake.

"Aliingia, hakunisalimu. Alisimama akaangalia kile kitambaa changu, kile ninachofunga nikiwa machimboni. Akaniuliza, 'Baba Wamalwa, hiki kitambaa unakifunga wapi?' Nikamwambia, puani, wapi tena? Akauliza, 'Kwa nini?' Nikamwambia, vumbi, mama. Kila mtu anafunga. Akauliza, 'Na watoto wangu je?' Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa namletea huo udongo. Na kitambaa kiko shingoni mwangu. Sikuwahi kufikiri."

Wasikilizaji wapendwa, tulisema hakuna aliyeuogopa udongo huo. Ukutani, ukiwa umekorogwa kwa maji, haukumdhuru mtu. Lakini Nakhumicha alikuwa ameukausha, akautwanga, akauchekecha mara tatu. Bidii yake ndiyo iliyoufanya uruke.

Mkaguzi alitarajiwa baada ya majuma mawili. Faili ilikuwa tayari. Kifaa kilichoandikwa ni sinia za udongo mweupe. Mzee Sitati hakutuficha kitu.

"Nilimpa shauri baya," alisema. "Nilimwambia, Mama Wamalwa, zitumie hizo wiki mbili, mkaguzi aje, upate cheti, kisha uzimwage. Nani atajua? Ni wiki mbili tu. Akaniangalia. Akaniambia, 'Wiki mbili ni pumzi ngapi za Chesang?' Nikainuka nikaenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa sawa."

Jumatatu, shule ilipofunguliwa, Nakhumicha alifika kabla ya watoto. Alizichukua sinia zote sita, moja baada ya nyingine. Aliunyunyizia udongo maji kwanza, ukatulia, ukawa tope. Kisha akaupeleka nyuma ya shule na kuufukia. Akaziosha sinia na kuzianika juani. Watoto walipoingia, waliuliza. Chesang aliuliza kwa machozi. Aliambiwa kwamba mwalimu amekosea, na anasahihisha.

Jumatano aliwaita wazazi. Walikuja kama ishirini. Aliwaeleza habari yote akiwa amesimama, bila kuzungusha maneno. Mama Chesang aliinuka.

"Mwalimu, kwa hivyo ni wewe ulimkohoza mtoto wangu?"

"Sijui, mama. Daktari ndiye atakayejua, na nitakwenda nawe kwake. Ninalolijua ni kwamba vumbi lilikuwamo, na mimi ndimi niliyeliweka."

"Na sisi tulikuwa tunakusifu!"

"Mlinisifu. Nami nilifurahi nikaacha kuuliza."

Mama Chesang alimshika mtoto wake mkono, wakaondoka. Mtoto hakuonekana shuleni siku nne. Siku ya tano alirudishwa. Mama yake alisimama mlangoni, akasema, "Nimezunguka nikitafuta shule nyingine. Kote wananiambia kwao hakuna makosa. Nimeogopa." Akamsukuma Chesang ndani, akaenda zake.

Zilibaki shule tano zilizoiga. Zilibaki pia siku chache kabla ya mkaguzi kufika. Mwanafunzi mwingine angezitumia siku hizo kutayarisha kifaa kipya na kuiandika faili upya. Nakhumicha alizitumia kutembea. Kila alasiri, baada ya watoto kwenda nyumbani, alikwenda katika shule moja. Tatu alizifikia kwa miguu, ya nne kwa matatu. Ile ya Kamere ilikuwa mbali, akaiendea siku ya Jumamosi. Huko alimkuta Mwalimu Oduor, kijana mcheshi, akipaka rangi viti.

"Karibu, Mwalimu! Umetuletea gunia lingine?"

"Nimekuja kumwaga lile la kwanza."

Alipomaliza kueleza, Oduor alicheka kwa mshangao. "Mwalimu, si wewe ndiye ulitufundisha haya mambo? Ukasimama hapo, tukakupigia makofi? Na leo unakuja kufuta?"

"Ni mimi niliyewafundisha. Ndiyo maana sikumtuma mtu."

Oduor aliweka brashi chini. Waliumwaga pamoja, wakiunyunyizia maji kwanza.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa Bi Jerotich, mwanamke wa miaka ishirini na minane, mdogo kwa Nakhumicha kwa miaka kumi na mitatu. Bi Jerotich sasa ni mkufunzi. Alituambia kwa simu kwamba siku hiyo alikuwa amebeba kamera. Alikuwa amezisikia sinia hizo hadi chuoni. Alitaka kuzipiga picha.

"Niliingia nikaona watoto wanaandika kwa vidole kwenye mchanga wa mto," alisema. "Mchanga ulikuwa umeoshwa, tena una unyevu. Nikauliza, sinia nyeupe ziko wapi? Akaniambia, 'Zimemwagwa.' Akanieleza sababu kwa dakika tano. Nikamwuliza kama anajua hilo linamaanisha nini kwa faili yake. Akasema, 'Naijua kanuni, mwalimu. Nimeisoma mara mbili.' Alifundisha vizuri sana siku hiyo. Lakini kifaa kilichoandikwa hakikuwapo, na mchanga ulikuwa na siku sita tu darasani. Kanuni ilisema majuma mawili. Niliandika: arudie. Nilipofika kwenye gari langu nje ya lango nililia. Yeye aliniletea chai mle garini, akaniambia nisilie, maana nimefanya kazi yangu."

Arudie. Maana yake, wasikilizaji wapendwa, ni kwamba cheti hakikutoka mwaka huo. Januari ikafika. Kamati ilitimiza neno lake. Darasa lilipewa Mwalimu Zeddy, msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye cheti kipya. Nakhumicha alifanywa msaidizi. Katika darasa alilolianzisha kwa benchi mbili, alichota maji, akaosha vikombe, akawafunga watoto vifungo vya sweta. Alikaa hivyo mwaka mzima.

Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyapamba hata akiwa na kipaza sauti. Mwaka huo ulimwumiza. Hata hivyo, mwanamke huyo alimwangalia Zeddy akifundisha, na alijifunza. Zeddy alijua kuwaacha watoto wabishane kabla hajawapa jibu. Nakhumicha hakuwahi kuliweza hilo. Alikuwa mwepesi wa kusaidia. Alimwomba msichana huyo, aliyeweza kuwa binti yake, amweleze hufanyaje. Zeddy alifikiri anadhihakiwa. Alipoona kwamba mwenzake ameshika kalamu, alimweleza.

Alirudia mazoezi ya kufundisha. Alipita. Cheti kilitoka. Mwisho wa mwaka wa 2009 Zeddy alihamia shule nyingine, na kwa neno lake mwenyewe mbele ya kamati alisema kwamba darasa lile lina mwenyewe. Januari ya mwaka wa 2010, Mwalimu Nakhumicha alirudi mbele ya watoto wake.

Serikali ya kaunti ilipoanza kuajiri walimu wa chekechea, alikuwamo. Akaongeza masomo. Alipata stashahada mwaka wa 2016, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Mwanawe, Wamalwa, ni fundi wa breki za malori huko Salgaa, kazi iliyo karibu na ile ya babu yake. Tulimpata chini ya lori. Alitoka, akafuta mikono, akasema hivi:

"Mwaka huo mimi nafanya mtihani wa kidato cha nne, na mathe anafanya wa diploma. Meza ni moja. Nikilala juu ya kitabu, ananigonga na rula, ananiambia, 'Boss, mwenzako anasoma.' Matokeo yakatoka, akanipita. Aliweka karatasi zote mbili ukutani, yake juu, yangu chini. Nikamwambia, mathe, hiyo ni madharau. Akasema, 'Panda juu.'"

Wamalwa alicheka. Kisha akageuka kando, nasi tukazima mashine ya kunasa sauti.

Kuna desturi moja ya Mwalimu Nakhumicha ambayo sijaitaja. Ilianza katika juma lile alipozimwaga sinia. Kila Ijumaa alasiri, watoto wakishaondoka, aliketi juu ya kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, akafungua daftari lenye jalada la buluu. Humo aliandika jambo moja alilolikosea juma hilo. Hakuandika mawili. Jambo moja, tarehe, na atakalofanya Jumatatu. La kwanza kabisa linasomeka hivi: "Nilichekecha mara tatu. Nilidhani ulaini ni wema. Sikuuliza."

Walimu wa shule jirani walipopata habari, walianza kuja mara moja kwa mwezi. Mwanzoni hakuna aliyetaka kusema kosa lake. Walikunywa chai na kutazamana. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Oduor wa Kamere, aliyekiri kwamba alimwita mtoto mmoja kwa jina la kaka yake muhula mzima. Walicheka hadi chai ikamwagika. Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Kikao hicho kimedumu kwa miaka kumi na minne. Wanaohudhuria sasa ni walimu thelathini na wanane. Hakuna anayewaita yaya.

Na Chesang je? Chesang alipelekwa kwa daktari, mwalimu wake akiwa kando yake. Kikohozi kiliisha kabla ya Krismasi. Kilisababishwa na nini, hakuna aliyejua kwa hakika, na Nakhumicha hakujipa ruhusa ya kusema kwamba hakikutokana na udongo. Chesang sasa ana umri wa miaka ishirini na miwili. Ana cheti cha ualimu wa chekechea, na anasomea stashahada wakati wa likizo. Kwa miaka miwili iliyopita amekuwa mwalimu msaidizi katika darasa lilelile.

Mwalimu Eucabeth Nakhumicha alifariki dunia Jumapili, wiki tatu zilizopita, baada ya ibada. Aliketi kivulini pa nyumba yake kumenya njegere. Moyo ulisimama. Mzee Sitati alimkuta bakuli likiwa mapajani, halijamwagika.

Jumatatu asubuhi, mwalimu mkuu, Bwana Nicodemus Ogada, alimkuta Chesang akifungua darasa.

"Chesang, wape watoto ruhusa," alimwambia kwa upole. "Hata wewe mwenyewe nenda nyumbani."

"Nitakwenda, mwalimu. Lakini kuna kazi ya leo. Aliiacha imeandikwa."

Akamwonyesha daftari la buluu. Alikuwa amelikuta kabatini alipokuwa akitafuta rejista. Kwa ruhusa ya familia, nausoma ukurasa wa mwisho kama ulivyo.

"Ijumaa. Leo Weldon alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Nilikuwa na haraka, nikamfungia. Alikuwa amebakiza kitanzi kimoja tu. Nimemnyang'anya. Jumatatu nimwache amalize."

Bwana Ogada alilirudisha daftari. Hakuondoka. Alisimama mlangoni.

Watoto waliingia. Hawakuwa wameambiwa bado. Weldon, mwenye umri wa miaka minne na nusu, aliingia wa mwisho, kamba zikiburuta sakafuni. Alimwendea Chesang, akanyoosha mguu kama alivyozoea.

"Nifunge."

"Ketini, watoto," Chesang aliwaambia wengine. "Tunamngoja Weldon."

Weldon aliketi sakafuni. Alivuta kamba. Akatengeneza kitanzi, kikafumuka. Akatengeneza kingine. Mtoto mmoja alimwambia, "Wewe unachelewesha uji!" Chesang alimtazama. Weldon alitoa ulimi kando ya mdomo kama mtu anayeshona. Kitanzi cha pili kikafumuka. Mikono ya Chesang, alituambia, ilitaka kumfungia. Aliishika nyuma ya mgongo. Kwa saa ya ukutani, zilipita dakika kumi na moja. Watoto ishirini na wawili, mwalimu msaidizi, na mwalimu mkuu wa shule, wote wakimngoja mtoto mmoja na kiatu kimoja.

Kisha kitanzi kikapita. Weldon alikivuta, kikakaza. Alisimama, akakanyaga chini mara mbili, akatazama huku na huku.

"Mwalimu yuko wapi?" akauliza. "Nataka kumwonyesha."

Hapo ndipo Chesang alipopiga magoti, akawaambia watoto wote.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaofanya kazi katika kituo hiki, nampa pole Mzee Sitati. Nampa pole Wamalwa na jamaa wote, walio hapa na walio Bungoma. Nawapa pole wazazi wa Kariandusi, na walimu thelathini na wanane wa kikao cha kila mwezi. Weldon, kama umewashiwa redio nyumbani, kiatu chako kimeonekana. Mwenyezi Mungu ailaze roho ya Mwalimu Eucabeth Nakhumicha mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, walimu na wasio walimu, wapishi, madereva, wauguzi, wakulima, nawaachia jambo la kutafakari. Wengi wetu tunavyo vyeti. Tumevitundika ukutani na kuvifuta vumbi. Nakhumicha alikitafuta cheti chake kwa jasho, akakikosa kwa kusema kweli, akakipata, na hata baada ya kukipata aliendelea kuketi juu ya kile kiti kifupi. Ijumaa iliyofuata mazishi, Chesang aliketi juu yake. Alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, kisha jambo moja alilolikosea. Ni lipi, hakutuambia, nasi hatukumwuliza.

Tafuteni karatasi. Jambo moja linatosha. Leo ni Ijumaa.